Unaenda Oodi kwa mara ya kwanza? Soma hii kabla hujaingia

Kama uko Helsinki, au unakuja kumtembelea ndugu, na hujawahi kufika Oodi, maktaba kuu ya jiji, tafadhali tenga siku yako moja uende, na usiende kupiga picha ya paa halafu ukaondoka. Naandika hii kwa sababu kila mtu wa kwetu anayefika pale mara ya kwanza anauliza maswali yale yale matatu akiwa bado mlangoni: kiingilio bei gani, begi naacha wapi, na juu tunaruhusiwa kupanda? Hakuna kiingilio. Begi unaingia nalo. Na juu ndo kwenyewe hasa, panda.

Naelewa maswali hayo yanatoka wapi, wengi wetu tumekulia kwenye maktaba ambazo ukifika unaacha begi mapokezi unapewa kinamba, unaandika jina kwenye daftari, unalipia uanachama au angalau cha siku, halafu unakaa kimya maana kuna mama pale mbele anakutolea macho ukikohoa tu. Kwahiyo mtu anafika Oodi anaona watu wanaingia tu kama wanaingia sokoni, hakuna mlinzi anayepekua, hakuna anayeuliza unaenda wapi, anasimama anashangaa. Usisimame. Finland matumizi ya maktaba ya umma ni bure na imeandikwa kwenye sheria ya maktaba, sio huruma ya meneja fulani. Mtalii, mwanafunzi, mkimbizi aliyefika juzi, bibi wa miaka 80, wote mlango ni huo huo. Kadi utahitaji siku ukitaka kuazima, kukaa tu na kusoma haihitaji kitu.

Kufika ni rahisi sana. Shuka Stesheni Kuu ya treni, tembea dakika chache kuelekea upande wa Bunge, utaona jengo refu la mbao limejipinda mgongoni kama wimbi na juu yake kioo kitupu, hutalikosa. Liko uwanja mmoja na Bunge, wanatazamana. Lilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, siku moja kabla ya sikukuu yao ya uhuru, ikiwa ni zawadi ya nchi kutimiza miaka 100 (walitimiza 2017 ila ujenzi ndo ukaisha mwaka uliofuata). Liligharimu karibu euro milioni 98, na mwaka 2019 peke yake waliingia watu zaidi ya milioni 3, kwenye jiji ambalo lenyewe wakati huo halikufikisha hata wakazi laki saba. Mwaka huo huo wa 2019 IFLA, ambalo ndo shirikisho la maktaba la dunia, wakaipa tuzo ya maktaba bora ya umma ya mwaka.

Sasa kitu kimoja kabla hujachanganyikiwa kwenye lifti: Wafini chini kabisa usawa wa barabara wanaita ghorofa ya 1. Kwahiyo wakisema ghorofa ya 3 ni ile sisi tungeita ya pili. Vyoo viko chini ya ardhi, unashuka ngazi, na havijatengwa vya wanaume na wanawake, kila mtu anaingia kwenye chumba chake anafunga mlango, na sinki za kunawia mnakutana wote. Hili linawashtua watu wengi, sio sisi tu, hata Wafini wenyewe walilijadili sana. Kama umekuja na mama mkubwa mwambie mapema asije akatoka mbio.

Ukiingia chini utaona ukumbi mkubwa hauna nguzo katikati, kuna mgahawa, kuna ukumbi wa sinema unaitwa Kino Regina, kuna sehemu ya kurudisha vitabu, watu wanapita pita. Hapa ndo watu wengi wanakosea kutoa hukumu. Mtu anazunguka chini dakika tano, anatoka anasema hii sio maktaba, vitabu viko wapi, wametumia mamilioni yote hayo kujenga stendi. Nimesikia hii kauli kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na wazee wa Kifini nao wanaisema kwa Kifini. Jamani pandeni juu kwanza! Chini pameachwa wazi makusudi, pawe ni kama muendelezo wa ule uwanja wa nje, mtu aliyekimbia baridi ya Januari aingie tu akae bila kujieleza kwa mtu. Na hayo mambo ya kukosa nguzo yana sababu yake, jengo limebebwa na matao mawili ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100 kwa sababu chini ya kiwanja jiji lilitaka kuacha nafasi ya njia ya magari ya chini ya ardhi. Yani unapokaa pale na kahawa yako umekaa juu ya daraja.

Ukipanda, usipitilize na lifti mpaka juu. Tumia zile ngazi nyeusi za kuzunguka, zimeandikwa maneno kuanzia chini mpaka juu, ni kazi ya msanii Otto Karvonen, ni orodha ya watu ambao maktaba imetolewa kwa ajili yao. Maneno yalitoka kwa wananchi wenyewe. Hata kama Kifini hujui, simama uulize mtu pembeni hili linamaanisha nini, Mfini ambaye kwenye basi hakuangalii usoni pale atakujibu, mimi huo ndo ushauri wangu kwa mtu anayelalamika kwamba hawa watu hawaongei.

Ghorofa ya 2 ndo nataka ukae sana. Pale kuna cherehani, kuna ovaloki, kuna printa za 3D, kuna mashine ya leza ya kukata mbao, printa za stika na mabango makubwa, studio za kurekodi muziki, vyumba vya gemu, vyumba vya mikutano, mpaka jiko unaweza kubuku mkapika na wenzako. Mashine kutumia ni bure, unalipia vifaa tu, mfano ile plastiki ya printa ya 3D wanapima kwa uzito. Cherehani unakuja na kitambaa chako. Mwanzo watu hawaamini, nimeona mtu anamuuliza mhudumu mara tatu "lakini nalipa nini?" na yule dada anatabasamu anarudia hulipi.

Namna ya kupata mashine: nyingi zinabukiwa mapema kwenye huduma ya jiji ya mtandaoni inaitwa Varaamo, unaingia, unatafuta Oodi, unachagua kitu na saa. Nyingine unafika tu unaulizia kama iko wazi. Usiende Jumamosi mchana ukitegemea bahati, hutapata. Nenda siku ya kazi asubuhi, palepale wakifungua, utakuta pametulia na wahudumu wana muda wa kukuelekeza. Na waambie ukweli kwamba hujawahi kutumia, wasikuone unabonyeza bonyeza, mashine ya leza sio ya kujaribia. Pia uje na kazi ya kweli. Sio "nimekuja kuona". Chukua lile gauni la kitenge linaloburuza chini, au pazia, au suruali ya mtoto, ushone upindo hapo hapo. Ukitoka umemaliza kazi utaelewa ile sehemu kuliko mtu aliyepiga picha mia.

Picha ninayoipenda mimi ya pale ni hii. Bibi mmoja yuko kwenye cherehani anapunguza pazia, kavua miwani kavaa, kavua tena, uzi hauingii kwenye sindano. Pembeni yake kijana wa kama miaka 15 anasubiri printa ya 3D, ile kitu inachora taratibu, safu juu ya safu nyembamba, inatoa harufu ya plastiki iliyopata moto, bado lisaa lizima. Yule kijana kachukua sindano bila kuambiwa, katia uzi, karudisha, hajasema neno. Bibi kamwambia kiitos (asante), basi, wakaendelea. Sasa niambie ni wapi pengine mjini hawa wawili wangekaa meza moja bila yeyote kununua kitu. Kwenye duka kubwa huwezi kukaa masaa matatu bila kununua, mgahawani vilevile, na nyumba zetu huku ni ndogo. Ndo maana wale wanaosema fedha ilichezewa siwaelewi kabisa.

Ila kama umekuja kusoma mtihani, hapo kwenye mashine sio pako. Ghorofa hiyo hiyo ya 2 kuna chumba cha kusomea kimya, waulize wahudumu wakuoneshe.

Ghorofa ya 3 wenyewe wanaiita mbingu ya vitabu, na ukifika utaona kwa nini. Paa jeupe limejikunja kunja na matundu ya duara yanaingiza mwanga, kioo pande zote, miti ya kweli imepandwa kwenye vyungu vikubwa katikati ya rafu, na rafu ni fupi kwahiyo ukisimama unaona mpaka mwisho wa jengo. Sakafu kwenye ncha zinapanda mwinuko, watoto wanapanda na kushuka siku nzima. Hapa ndo jibu la vitabu viko wapi: kuna nafasi ya vitabu karibu laki moja. Najua mtu atasema laki moja ni vichache kwa jengo la namna hiyo, na kweli ukilinganisha na maktaba kubwa za zamani ni vichache. Lakini Oodi haifanyi kazi peke yake. Iko kwenye mtandao wa Helmet, ambao ni maktaba zote za Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen, kadi moja, kitabu kiko Vantaa unakiomba kwenye simu kinaletwa maktaba ya mtaani kwako. Ukimaliza unarudisha popote. Ukikaa pale juu kidogo utaona roboti, ni kama toroli fupi la rangi ya kijivu, linatoka kwenye lifti lenyewe na sanduku la vitabu vilivyorudishwa, linaenda taratibu mpaka kwenye rafu, binadamu anapanga. Wape watoto nafasi waliangalie ila msilizibie njia, linasimama linasubiri mpaka mtoke.

Kelele. Lazima niliseme maana ndo lalamiko namba moja, hasa kwa watu waliozoea maktaba ya kunong'ona. Upande mmoja wa ghorofa ya 3 ni wa watoto na pale vigari vya watoto vinapangwa kama daladala Kariakoo. Wazazi walio likizo ya uzazi wamepageuza sebule yao, na wako sahihi, baridi ya digrii kumi na tano chini ya sifuri utaenda wapi na mtoto mchanga. Kuna watu wanakereka na wameandika mpaka magazetini. Mimi nasema hivi: kama unataka utulivu nenda upande wa pili, au nenda jioni watoto wakiwa wameondoka, na kama wewe ndo umekuja na watoto basi usiwaachie wakimbie mpaka kwenye rafu za wakubwa. Kote huko hakuna mtu atakayekufukuza, lakini heshima ni heshima.

Na hapo hapo kwenye picha. Piga jengo upendavyo, piga paa, piga miti, ila usiwapige watoto wa watu wala mtu aliyelala kwenye kiti. Utakuta watu wamelala, utakuta wasio na makazi wamekaa wanasoma gazeti. Usiwashangae kwa sauti kwa sababu unadhani hawaelewi Kiswahili. Wana haki ya kukaa pale sawa sawa na wewe.

Kadi sasa. Ukiwa unaishi huku, usiondoke bila kadi. Nenda kwa mhudumu na kitambulisho chenye picha, uwe na anwani ya Finland, anakutengenezea pale pale, ya kwanza ni bure, unachagua namba yako ya siri yenye tarakimu nne. Mtoto chini ya miaka 15 unamsainia mzazi. Kitabu cha kawaida unakaa nacho wiki nne, na kama hakuna mtu kwenye foleni unaongeza muda mwenyewe mtandaoni. Weka barua pepe yako ili wakukumbushe tarehe, maana ukichelewesha kuna faini ndogo kwa watu wazima na inapanda kila siku. Kuazima unajihudumia kwenye mashine, unaweka kadi, unaweka rundo la vitabu juu ya sahani, inavisoma vyote kwa pamoja. Na sio vitabu tu, gemu zipo, hata vyombo vya muziki na vifaa vya michezo kwenye maktaba za mtandao huo vinaazimwa.

Vitabu vya Kiswahili ndo swali ninaloulizwa na wazazi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usitafute rafu yenye bendera, utachoka. Ingia kwenye tovuti ya Helmet, tafuta, halafu chuja kwa lugha. Kinachoonekana kiombe kije maktaba ya karibu. Ukiona ni vichache, na nawaambia ni vichache, usiende kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Kuna fomu ya kupendekeza manunuzi, unajaza jina la kitabu, mwandishi, na kwa nini unakitaka, wao wanaipitia wanakujibu. Jaza. Jina moja la kitabu cha watoto kilichochapwa Dar au Nairobi, na mchapishaji wake, ili mnunuzi asihangaike. Maktaba inanunua kinachoombwa na kuazimwa, sasa kama sisi hatuombi na vilivyopo hatuviazimi, mwisho wa siku vitatolewa rafuni na hatutakuwa na wa kumlaumu. Wazazi kumi tu wakijaza fomu mwezi mmoja wataona kuna watu wa lugha hii mjini. Vilevile uliza kuhusu vikundi vya mazoezi ya Kifini, wanaviita kielikahvila, maktaba nyingi za jiji zinavyo, unakaa mezani unaongea Kifini chako kibovu na watu wa nchi nyingine wenye Kifini kibovu vilevile, hakuna mtihani.

Kama ni kiangazi malizia na baraza la nje la ghorofa ya 3. Linatazama Bunge, na wasanifu (ALA, walioshinda shindano la mwaka 2013 lililokuwa na michoro zaidi ya 500) walilipanga liwe usawa mmoja na pale juu ya ngazi za Bunge, ili raia aliyesimama na kitabu chake asimtazame mbunge kwa chini. Simama pale. Wafini wengi ukiwauliza wanapenda nini Oodi watakwambia hilo kabla ya roboti na kabla ya mashine. Baridi likiingia baraza linafungwa, kwahiyo usije Novemba ukagonga kioo.

Na ukitoka toa maoni yako kwao, sio kwetu tu. Hili jengo lilianza na maoni ya watu, kabla ya kujengwa jiji liliwaomba wakazi waseme wanataka maktaba ya namna gani, kulikuwa na mti wa kutundika ndoto, watu wakatundika zaidi ya elfu mbili, na kuna waliotaka hadi sauna, ikafikiriwa kabisa ikaja kuachwa. Jina lenyewe lilishindaniwa na mapendekezo kama 1,600. Kwahiyo ukiandika "kiti cha dirishani hakina plagi", au "maelezo ya ovaloki yawepo kwa Kiingereza", wanayasoma. Andika kitu kimoja mahususi, kwa Kiingereza chako chochote kile, usiandike "nice library" ukaishia hapo. Halafu ubuku cherehani ya wiki ijayo kabla hujafika kituo cha tramu, maana za jioni zinaisha haraka.